Maswali Kumi na Moja ya Gari la Ntumba

Saa mbili asubuhi foleni ya kituo cha ukaguzi ilikuwa imeshafika kwenye kibanda cha chai. Yalikuwa magari ishirini na mawili, na ndani yake hamkuwa na mtu hata mmoja, isipokuwa kwenye pikapu moja yenye rangi tatu. Hayo mengine yalikuwa yametumwa. Wenyewe walibaki makwao wakimalizia chapati, na magari yao yalikuja peke yake, yakajipanga, yakawa yanasogea hatua moja moja kwa adabu, kama watoto wa shule wanaosubiri uji.

Kwenye pikapu ya rangi tatu, Subilaga alikaa upande wa dirisha, faili mapajani, mikono miwili juu ya faili. Kando yake alikaa Gwakisa, mtoto wa mjomba wake, fundi wa miaka thelathini na mitano ambaye hakuwahi kunyamaza dakika tano mfululizo tangu ajue kusema.

"Ukiulizwa jina, litaje kwa sauti," Gwakisa alisema. "Mara ya kwanza ulinong'ona mpaka karani akaacha nafasi wazi."

"Nitalitaja."

"Lijaribu sasa."

"Gwakisa, niache."

"Umeona? Hata kunifukuza unanifukuza kwa upole."

Subilaga aligeuza uso dirishani. Chuoni walimpa cheti cha juu kuliko wenzake wote, na siku ya kukipokea alipita nyuma ya jukwaa ili asitazamwe. Lakini leo hapakuwa na nyuma ya jukwaa. Leo ilikuwa Jumatano, na kesho ilikuwa Alhamisi, siku ya Mama Tusekile kwenda kusafishwa figo.

Mama Tusekile alikuwa dada mkubwa wa mama yake, naye ndiye aliyemlea. Aliishi Ntumba, juu milimani, ng'ambo ya daraja ambako ramani iliishia. Gari lolote lililofika darajani lilisimama, likafungua milango, likasema kwa sauti nzuri, "Barabara imeishia hapa. Asante kwa kusafiri nasi." Barabara haikuwa imeishia. Iliendelea kilomita kumi na nne, ina mawe, ina kona, ina watu. Ila hakuna aliyeiingiza kwenye ramani, basi magari hayakuijua. Mara tatu kwa wiki wanaume wanne walimbeba Mama Tusekile kwa machela mpaka darajani, na mara tatu wakamrudisha.

Jumamosi iliyopita alikataa. "Nimechoka kubebwa kama mkungu wa ndizi," alisema. Jumanne akakataa tena. Daktari alimpigia Subilaga simu akamwambia bila kuzunguka: akikosa na Alhamisi, msimtafute mchawi.

Gari la mbele likasogea. Pikapu nayo ikasogea.

* * *

Mkaguzi aliitwa Bi. Mbawala. Alikuwa mwanamke mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi, na alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha ofisini chenye magurudumu, ambacho alikisukuma kwa miguu kutoka gari hadi gari bila kusimama.

"Shikamoo, mama," Subilaga alisema.

"Marahaba. Hili ni gari au ukoo?"

"Ni magari manne, mama."

"Sikusikii, mwanangu."

"Manne! Fremu ni ya pikapu. Mota za magurudumu ni za teksi mbili zilizopata ajali. Betri ni za basi dogo la shule."

"Na mlango huu wa kijani?"

"Huo ni wa friji ya dukani," Gwakisa alidakia. "Lakini unafunga vizuri, mama, kuliko ndoa nyingi."

Bi. Mbawala hakucheka. Aliandika, akisoma kwa sauti: "Magari manne, friji moja."

Wakaanza na breki, zikashika. Taa zikawaka zote. Fremu ikapigwa nyundo mahali pa kuungia, na kila pigo lililia safi, bila mkwaruzo, maana Subilaga aliviunga vile vyuma mwenyewe, usiku na mchana, akikata na kurudia kila alipoona tundu dogo kama la sindano. Bi. Mbawala alipitisha kidole kwenye mshono mmoja, akainua nyusi.

"Nani kachomelea?"

"Mimi, mama."

"Mh."

Kisha ikaja pima.

Pima ilikuwa sanduku la kijivu lenye waya mmoja. Kazi yake haikuwa kukagua chuma bali akili. Miaka kumi na tisa ilikuwa imepita tangu watu wakatazwe kushika usukani, na tangu hapo kila gari nchini lilikuwa na dereva mmoja, yule yule, nakala kwa nakala. Walimwita Dereva Sanifu. Pima iliuliza akili ya gari maswali elfu mbili kwa dakika nne: mbuzi akikatiza ufanyeje, mvua ikizidi ufanyeje, taa ikizimika ufanyeje. Kila jibu lililinganishwa na la Dereva Sanifu.

Akili ya pikapu haikuwa Dereva Sanifu. Subilaga aliilea mwenyewe kwa miezi kumi na minne, kwenye barabara ya Ntumba, kutokana na namna wenyeji walivyoendesha zamani. Alijua, kwa kuhesabu mara nyingi, kwamba ingejibu tofauti kwenye maswali kumi na moja. Ndani ya faili alikuwa na barua ya kurasa tano ya kuomba yakubaliwe, moja baada ya jingine, pamoja na sababu zake. Barua hiyo ndiyo iliyokuwa imemkosesha usingizi, kwa kuwa angelazimika kuieleza kwa mdomo.

Pima ikalia mara moja, ikawaka kijani.

"Elfu mbili kwa elfu mbili," Bi. Mbawala alisoma. Akaivua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Hongera, binti. Gari la kuungaunga na limejibu yote! Fundi Kapyela, leta namba."

Subilaga alisimama na faili lake. Kumi na moja, alijiambia. Yalipaswa kuwa kumi na moja.

Akamtazama Gwakisa. Gwakisa akamkonyeza.

* * *

"Umelivalisha shela," Subilaga alisema. Alikuwa amemvuta nyuma ya tangi la maji.

"Nimelivalisha heshima."

"Gwakisa!"

"Shusha sauti. Ajabu, leo ndiyo umeipata sauti." Akatazama huku na huku. "Ni kidude kidogo kama kiberiti, nimekibandika chini ya kiti. Pima ikiuliza, chenyewe kinajibu kwa Dereva Sanifu. Ukitoka getini kinalala, gari linabaki lako. Nusu ya magari ya mji huu yamevaa shela. Hakuna aliyekufa."

"Likigundulika linapondwa."

"Likigundulika. Nani atasema?" Uso wake ukalegea, utani ukamtoka. "Dada, sikiliza. Barua yako ni nzuri, nimeisoma. Itapelekwa makao makuu, itakaa miezi minane, itarudi na swali. Shangazi hana miezi minane. Ana kesho. Mimi ni mmoja wa wale wanne wanaombeba, unajua? Najua amebaki na uzito gani."

Kila alichosema Gwakisa kilikuwa kweli.

Nyuma yao mlio wa bisibisi ya umeme ulisikika. Namba zilikuwa zinafungwa. Kibao cha namba hakikuwa bati tupu: skrubu ya nne ikishakaza, kibao huyatangazia magari yote ya mkoa majibu elfu mbili ya gari lile. Ndiyo maana magari yaliweza kufuatana kwa kasi huku yameachana mita mbili tu. Hayakuwa yakitazamana. Yalikuwa yakiaminiana. Gari la nyuma lilijua la mbele litafanya nini kwa sababu kibao kilishaliambia.

Skrubu ya kwanza ikakaza.

Subilaga aliona barabara kuu kichwani mwake. Akaiona pikapu ikisimama ghafla mahali ambapo kibao chake kiliapa kwamba haitasimama. Nyuma yake, mita mbili, kuna gari limembeba mtu asiyemjua, pengine mama na mtoto usingizini, na gari lao linaamini.

Skrubu ya pili ikakaza.

"Usiende," Gwakisa alisema. "Subi, nakuomba. Mfikirie yeye."

"Ninamfikiria."

Akavuka ua. Fundi Kapyela alikuwa ameshaweka ncha ya bisibisi kwenye skrubu ya tatu.

"Simamisha," Subilaga alisema. Hakuna aliyesikia. Akavuta pumzi. "Simamisha! Gari langu linadanganya!"

Ua wote ukageuka. Hata yule mwuza chai alichungulia.

* * *

Bi. Mbawala alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza. Kisha akanyoosha kiganja, na Gwakisa, aliyekuwa amemfuata Subilaga kichwa chini, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa kile kidude na kukiweka kiganjani.

"Unajua sheria," Bi. Mbawala alimwambia Subilaga.

"Ndiyo, mama. Linapondwa."

"Na mgonjwa wako?"

Subilaga alifungua mdomo. Machozi yakamtangulia, akayaacha yashuke. "Sijui, mama. Ninachojua ni kwamba siwezi kumponya yeye kwa kumwua mtu ambaye simjui."

Bi. Mbawala akasukuma kiti mpaka kwenye ile mashine kubwa ya kuponda magari iliyokuwa kwenye kona, akakirusha kile kidude katikati ya meza yake ya chuma, akabonyeza kitufe. Mashine ya tani arobaini ikashuka kwa ngurumo juu ya kitu cha ukubwa wa kiberiti. Ikainuka. Palibaki doa.

"Shela limepondwa," alisema. "Kuhusu gari: mpaka skrubu ya nne ikaze, mwombaji ana haki ya kuondoa ombi na kuanza upya. Kapyela, zilikaza ngapi?"

"Mbili, bosi."

"Basi anza upya, binti. Safari hii na akili yako mwenyewe."

Pima ikauliza tena kwa dakika nne, kisha ikawaka nyekundu. Kumi na moja, kama alivyohesabu. Bi. Mbawala alisoma la kwanza kwa sauti.

"Kuna majani mabichi barabarani. Dereva Sanifu anajibu: endelea, majani hayadhuru tairi. Lako linajibu: simama, mbele kuna mtu." Akainua macho. "Mtu gani?"

"Aliyeharibikiwa, mama. Kule kwetu baiskeli au mkokoteni ukikukatikia kwenye kona, unakata matawi, unayalaza barabarani hatua thelathini kabla. Mkokoteni hauna kibao cha kutangaza. Ukungu ukishuka hakuna jicho wala kamera inayoona. Majani ndiyo yanayosema."

"Hata hapa mjini ilikuwa hivyo zamani," Fundi Kapyela alisema. Hakuna aliyemwuliza.

"Maneno nimesikia," Bi. Mbawala alisema. "Sasa nionyeshe."

Nyuma ya kituo palikuwa na njia ya majaribio, imepinda kuzunguka kichuguu, na asubuhi ile ukungu ulikuwa bado umelala juu yake. Bi. Mbawala alivunja matawi matatu ya mkaratusi kwenye uzio akayalaza njiani. Kisha akapotelea kwenye ukungu na kiti chake, akarudi kwa miguu, akihema, bila kiti.

"Nimekiweka baada ya kona. Ndicho pekee nilicho nacho, na makao makuu hawanipi kingine. Peleka gari lako."

"Kwa mwendo gani, mama?"

"Mwendo wa mtu aliyechelewa."

Pikapu ikaondoka, tupu, ikakolea kasi, ikaingia ukunguni. Subilaga alifumba macho. Alisikia tairi zikishika, kisha honi fupi mara mbili. Kisha hakuna kitu.

Wakaifuata wakikimbia. Pikapu ilikuwa imesimama juu ya majani, taa za dharura zinawaka. Ilisubiri kidogo, halafu ikaanza kutambaa kwa mwendo wa mguu, ikazunguka kona, ikakikuta kiti. Haikukipita. Ilijiegesha nyuma yake, imejiweka kati ya kiti na barabara, kama ng'ombe anavyomkinga ndama. Kisha kipaza sauti kikakohoa, na sauti nzito ya mwanamke ikatoa salamu ya Ntumba, ikauliza:

"Ndaga! Kuna shida gani hapo? Una maji? Una spana?"

Kiti hakikujibu.

Bi. Mbawala alianza kucheka polepole, tumboni, kisha mabega, mpaka akaivua miwani. "Anauliza kiti changu kama kina spana! Nani huyo?"

"Ni Mama Tusekile," Subilaga alisema. "Aliendesha lori la viazi miaka ishirini na saba kabla watu hawajakatazwa usukani. Gari limejifunza kwake, kutokana na rekodi za zamani za lori lake na sauti yake. Huwa hampiti mtu aliyekwama bila kumwuliza. Nami sikuweza kuifuta sehemu hiyo."

"Huyo ndiye mgonjwa?"

"Ndiye."

Bi. Mbawala aliacha kucheka. Akakivuta kiti chake, akakaa.

"Nilipokuwa na umri wako," alisema, "kazi yangu ilikuwa kutahini watu, si magari. Mtu aliyekuwa anajifunza alifunga kibao chekundu cha wanaojifunza, na barabara nzima ilimpa nafasi. Tulipomtengeneza Dereva Sanifu tulimfundisha na hilo: akikiona kibao chekundu akae nyuma mita arobaini, na asidhani anajua kitakachotokea. Baadaye watu waliacha kuendesha. Kibao kikasahaulika, lakini hakuna aliyekumbuka kulifuta somo." Akaigeukia pikapu. "Likifungwa kibao hicho, gari lako halitasema uongo tena. Litasema: sifanani na nyinyi, kaeni mbali kidogo. Hilo ninaweza kulitia saini mimi, bila makao makuu, kwa miezi sita."

Subilaga akapiga goti ashukuru.

"Ngoja, usishukuru. Kuna sharti. Anayejifunza hatembei peke yake. Ukishalifikisha nyumbani leo, kila safari lazima akae kando yake mtu mwenye leseni ya udereva. Leseni zilizokuwepo hazikufutwa. Tuliziacha ziishe na wenyewe. Wako wachache sana waliobaki. Unamjua mmoja?"

Gwakisa, ambaye alikuwa amenyamaza karibu nusu saa, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake, aliitoa simu mfukoni na kumpa Subilaga bila neno.

Iliita mara saba.

"Nimesema kesho siendi," sauti ya Mama Tusekile ilisema, nyembamba kuliko ile ya kwenye kipaza sauti. "Usipoteze salio lako."

"Shikamoo, mama. Leseni yako unayo?"

"Leseni gani?"

"Ya lori."

"Ipo sandukuni, chini ya vitenge. Kwa nini? Wanataka kuja kuninyang'anya? Waambie nilitahiniwa mara moja tu nikapita, na mtahini alishuka anatetemeka."

Bi. Mbawala aliomba simu kwa kidole. "Mama Tusekile, habari za huko. Mimi ni mkaguzi. Hapa kuna gari linalojifunza, na limejifunza kwako. Lina makosa yako yote. Nahitaji mwenye leseni wa kukaa nalo mbele, kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kutoka Ntumba mpaka mjini na kurudi. Utaweza au nitafute mwingine?"

"Mwingine gani?" Mama Tusekile alisema. "Makosa gani?"

* * *

Alhamisi walimkuta Mama Tusekile ameshatoka nje, amekaa kwenye kigoda, amevaa koti lake la kazi la zamani ambalo sasa lingetosha watu wawili. Gwakisa alitaka kumbeba hadi garini. Mama alimpiga kofi dogo mkononi, akatembea mwenyewe hatua zote kumi na tano, akipumzika mara mbili. Akakaa kiti cha mbele. Subilaga akapanda nyuma.

Walishuka kilomita kumi na nne polepole. Walipita daraja, wakaingia barabara kuu. Kibao chekundu kiliwaka, na magari yaliyokuwa yakija kwa kasi yakapunguza mwendo, moja baada ya jingine, yakaacha pengo la mita arobaini, wazi, safi, kama watu wanaompisha mzee mlangoni. Ndani ya gari la karibu zaidi mtoto mmoja alibandika pua kwenye kioo ili aone ni nani anapishwa hivyo.

Mama Tusekile hakuwatazama. Macho yake yalikuwa mbele, na uso wake, uliokuwa wa kijivu asubuhi, ulikuwa na kazi.

"Ile kona umeichukua vibaya," aliiambia pikapu. "Umeiingia mapema. Mzigo ungemwagika."

Pikapu ilifikiri kidogo. "Nilijifunza kwako," ilisema, kwa sauti ya Mama Tusekile mwenyewe ya ujanani.

"Basi nilikosea. Rudia hiyo inayokuja, ninaitazama."

Subilaga alilifungua daftari la safari, akaandika tarehe, na chini yake jibu la kumi na mbili: kona usiiingie mapema.